Shajara ya mradi: mkanda wa mabega wa kubebea darubini

Januari, Nakuru. Kazi yenyewe

Sensa ya ndege wa majini ya Januari imekwisha, na malalamiko ya wahesabu ni yale yale ya kila mwaka: shingo. Darubini za kikundi chetu karibu zote ni za 8x42, yaani zinakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Iliyo nzito kati yake inakaribia gramu 800. Ukiishika mkononi huoni uzito wowote. Lakini ukiivaa kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana, ukiinama kuandika na kuinua uso kuhesabu, gramu hizo zote zinakalia ukanda mmoja mwembamba, juu ya ule mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo mtu anapoinama. Wazee wetu wawili wameacha kuja kwa sababu hiyo tu, na hao ndio wenye macho ya kutofautisha ndege wadogo wa ufukweni ambao wengine tunawaandika "hajulikani". Hilo linaniuma.

Ziwa nalo limetuongezea mwendo. Tangu maji yalipoanza kupanda miaka ya 2010, ufuko tuliouzoea umezama, migunga imekufa ikiwa imesimama majini, na heroe walio wengi siku nyingine wako Bogoria. Anayetaka kuwahesabu waliobaki anatembea zaidi na kuinua darubini mara nyingi zaidi, kwa kuwa kila gogo jeupe kwa mbali linadanganya kuwa ni mwari.

Nimewaomba wenzangu tushone mkanda wetu wenyewe, unaokaa mabegani na mgongoni, shingo ikiachwa huru. Iliyo tayari inauzwa ng'ambo, lakini ukijumlisha usafirishaji na ushuru, fedha za mikanda ya kundi zima zingetununulia darubini nyingine nzuri. Hapa Nakuru tuna mafundi wa viatu na mifuko wanaoshona utepe wa nailoni kila siku. Kikundi kimekubali. Kazi imeanza.

Januari, mwishoni. Kujifunza kwa wawindaji

Wenye ujuzi mkubwa wa jambo hili duniani ni wawindaji. Kenya uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo mila ya vifaa vyake haikuendelea kwetu. Kule Marekani mwindaji wa milimani anaweza kuketi kwenye mwamba saa nyingi akichungulia bonde la pili kabla hajapiga hatua moja kuelekea kwa mnyama. Darubini anaitumia kuliko bunduki. Ndiyo maana wao walishaachana na kamba ya shingoni zamani, na sababu zao zinafaa kusomwa hata na mtu asiyekusudia kuua chochote.

Anayewinda kwa upinde hawezi kuvumilia darubini inayoning'inia: ikisogea mbele ya kifua wakati wa kuvuta, uzi wa upinde unainasa. Mwenye bunduki anahitaji lile bonde dogo kati ya bega na kifua liwe wazi, maana hapo ndipo kitako cha bunduki kinapokaa. Mkanda mnene ukipita hapo, kitako kinateleza. Anayetambaa kwa tumbo hataki kitu kinachokwangua ardhi. Na wote wanataka ukimya.

Nilimpigia simu binamu yangu aliyewahi kufanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa.

"Kaka, wageni wangapi walikuwa wanavaa darubini shingoni?"

"Wageni ndio walivaa shingoni, siku ya kwanza," akasema. "Siku ya pili wanaziomba zibebwe na sisi. Wale wawindaji wenyewe wa kazi walikuwa na mikanda ya mgongoni, myembamba, ya msalaba. Tena kaka, sikiliza: asiwepo mtu mwenye velkro. Ukiifungua porini mnyama anaisikia kabla yako."

Nimeliandika hilo. Kwa ndege ni vilevile. Kuna ndege wa vichakani wanaonyamaza kwa sauti ndogo kuliko ile.

Wawindaji wana mitindo miwili mikuu. Wa kwanza ni mkanda wa msalaba ulio wazi: tepe mbili zinapita juu ya mabega, zinakutana mgongoni, kisha zinarudi mbele chini ya makwapa hadi kwenye darubini. Wa pili ni pochi ya kifuani, yenye kifuniko, ambamo darubini inalala kama haitumiki, nayo mikanda inashikilia pochi badala ya darubini. Pochi inalinda lenzi dhidi ya vumbi na mvua. Vifuniko vyake siku hizi vingi hufungwa kwa sumaku ili visitoe sauti. Sumaku hizo zina gharama ambayo mnunuzi hukosa kuiona dukani: zinapotosha dira, iwe ya sindano au ile iliyo ndani ya simu, na mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hatakiwi kuzivaa kifuani kabisa. Sisi tunaandika mwelekeo wa kundi la ndege kwa dira. Sumaku nimezikataa.

Februari. Kwa fundi

Fundi wetu ana kibanda karibu na soko na cherehani nzito ya kushonea ngozi. Nilimpelekea mchoro niliouchora kwa rula. Akautazama kwa heshima, akaukunja, akanirudishia.

"Mwalimu, mtu hashonewi kwenye karatasi. Nipe mgongo."

"Mzee, nataka kwanza tuelewane vipimo."

"Vipimo viko mgongoni mwako. Geuka."

Akanipima kwa kipande cha uzi, begani hadi kwapani, akiweka vifundo. Tangu siku hiyo kila anayeshonewa anakwenda mwenyewe na darubini yake.

Vifaa tulivyokubaliana: utepe wa nailoni wa upana wa milimita 20 hadi 25 sehemu ya bega, kutoka kwa mabegi ya shule ya mitumba yaliyochanika zipu lakini mikanda ikiwa mizima. Upana huo una maana yake. Utepe wa milimita 10, ule unaoingia kwenye vitundu vya darubini, ukipita begani unakata; ukizidi 25 unajikunja kwenye mtulinga na kuziba nafasi ya mkanda wa begi. Kwa hiyo mpana uko begani, mwembamba uko kwenye darubini, na kati yao kuna klipu ya plastiki inayofunguka kwa kubana pande mbili. Bizimu za kurekebisha urefu tumezitoa kwenye mabegi hayo hayo.

Fundi ana namna yake ya kushona maungio: mraba, na ndani ya mraba msalaba. Mishono ya mstari mmoja hubeba mzigo kwenye tundu la mwisho peke yake na hapo ndipo panapoanza kuachia; mraba wenye msalaba unaugawa. Ncha za nailoni anaziunguza kwa kiberiti zisinyambuke. Uzi ni wa nailoni pia, kwa sababu wa pamba unaoza kwa jasho.

Kila mkanda unapotoka kwenye cherehani tunaning'iniza jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji, usiku kucha, kwenye klipu zote mbili. Hizo ni kilo 5 na kidogo, zaidi ya mara sita ya darubini iliyo nzito kuliko zote tulizo nazo. Mkanda ambao klipu yake imeonyesha mstari mweupe wa kupinda asubuhi, klipu hiyo inatupwa. Hakuna mazungumzo juu ya hilo. Lenzi iliyopigwa mwamba haishonwi.

Februari, bado. Pale mikanda inapokutana

Nataka niliandike hili kwa kirefu kwa sababu ndilo kiini cha mradi, na nimeona watu wakilipita upesi wakikimbilia kuuliza kuhusu pochi na mifuko.

Mkanda wa mabega haupunguzi uzito. Gramu 800 zinabaki gramu 800. Unachofanya ni kuchagua mahali pa kuziweka, na mahali hapo panaamuliwa na kile kipande cha mgongoni ambapo tepe nne zinakutana. Kipande kikikaa juu, karibu na shingo, tepe za mabega zinavutwa kuelekea shingoni na baada ya saa moja umerudi kwenye maumivu yale yale, ila sasa yana kamba mbili. Kikishuka sana, hadi katikati ya mgongo, tepe zinafunguka kwa nje na kuteleza kutoka begani kila unapoinua mkono. Mahali pake ni kati ya makombe ya mabega, usawa wa katikati yake au juu kidogo. Hapo kuna nyama bapa isiyosogea sana mikono ikifanya kazi, na mzigo unagawanyika mabegani kwa upana. Mama zetu wamelijua hili siku zote: mtoto mgongoni hafungwi leso shingoni.

Tumelinganisha vipande vya aina tatu. Cha ngozi kinapendeza na kinakaa umbo, lakini kikishanyonya jasho na kukauka kinakuwa kigumu pembeni, na pembe hizo zinakwangua chini ya begi. Cha nailoni mbili zilizoshonwa msalaba bila kitu katikati ni chepesi, ila hakimwachi mtu abadili pembe ya msalaba kulingana na upana wa mabega yake. Tulichokichagua ni cha wavu mnene unaopumua, ule wa viatu vya michezo. Wazo ni la fundi mwenyewe. Ana gunia la viatu visivyofaa tena, na ulimi wa kiatu kimoja unatosha mkanda mmoja. Ribiti hakuna. Ribiti chini ya begi la mgongoni ni jiwe dogo unalolibeba siku nzima.

Kisha lastiki. Hapa maoni kikundini yaligawanyika na nimesikiliza pande zote. Mikanda mingi ya dukani ni ya lastiki tupu, na unapoijaribu dukani unaipenda mara moja, kwani darubini inaonekana kupoteza uzito. Tembea nayo mteremkoni uone. Inadunda. Kila hatua inaishusha na kuirudisha, na kwa mtu anayeshuka haraka inampiga kidarini. Isitoshe, ukiinua darubini machoni, lastiki ya chini ya kwapa inaivuta chini muda wote unaotazama, na mikono inachoka kupigana nayo. Picha inatetemeka.

Suluhisho tulilofikia ni pete inayoteleza. Utepe mmoja mzima unatoka mgongoni, unapita juu ya bega, unapita ndani ya pete ndogo ya plastiki iliyo kwenye klipu ya darubini, kisha unarudi chini ya kwapa. Unapoinua darubini kutoka kidarini hadi machoni, sehemu ya begani inafupika na ya kwapani inarefuka, pete ikiteleza katikati. Urefu wote wa utepe unabadilika kidogo tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tuliyoiachia lastiki: kipande kifupi, chini ya shibiri, kilichoshonwa nyuma karibu na wavu wa mgongoni, mahali ambapo pete haifiki kamwe. Begani ni nailoni tupu, kwa hiyo hakuna kudunda. Pete ya chuma tuliikataa kwa sababu inagonga na inakwangua mwili wa darubini.

Nimevaa mkanda huu nikiwa nasahihisha madaftari jioni, kwa makusudi. Nilipoinuka kwenda kula ulikuwa bado mwilini na darubini iko kidarini.

Machi, mwanzoni. Menengai

Tumepanda ukingo wa kreta alfajiri kutazama mwewe na tai wanaopaa upepo ukianza kupata joto. Baadhi walivaa mkanda wa msalaba, wengine pochi ambayo fundi aliishona kwa turubai kwa ajili ya kulinganisha.

Urefu wa kuning'iniza umethibitika hapa. Darubini ikae chini kidogo ya kidari, macho ya kutazamia yakielekea juu. Ikiwa juu zaidi inakugonga kidevu unapoinama kufunga kiatu. Ikiwa chini, usawa wa tumbo, inabembea kwa mwendo na inagonga mawe unapopanda kwa mikono. Njia ya haraka ya kupima: inama kabisa ushike vidole vya miguu. Ikiachana na kifua zaidi ya upana wa ngumi, kaza.

Pochi ilifanya vizuri kwenye vumbi, na Menengai wakati wa kiangazi ni vumbi jeupe laini linaloingia kila mahali. Lakini jua lilipopanda, kifua chini ya turubai kiliroa, na unyevu huo ukapanda ndani ya pochi na kufunika vioo vya machoni kwa ukungu. Jambo la pili ni wakati. Kufungua kifuniko, kutoa, kuinua: tai anayepita juu ya ukingo hasubiri hayo yote. Mwindaji anayekaa mwambani kutwa anao muda huo. Anayefuata ndege hana. Kwa kazi yetu ya kawaida nachagua msalaba ulio wazi, na nitautetea mbele ya yeyote. Lenzi zinalindwa na vifuniko vidogo vya mpira vilivyofungwa kwenye darubini yenyewe.

Machi. Vipimo vya akina dada

Karibu nusu ya kikundi chetu ni wanawake, na mikanda mingi ya dukani imebuniwa juu ya kifua cha mwanamume. Nilimwomba dada anayeongoza kundi la pili la sensa anieleze bila kuficha.

"Mwalimu, pochi yenu inanikandamiza na inasukuma tepe kwenda kwapani. Nikiinua mikono inapanda yote hadi kooni."

"Na huu wa msalaba?"

"Huu unakaa. Ila bizimu mmeziweka nyuma. Nikitaka kukaza lazima nimwombe mtu. Sitaki mtu anishike mgongoni kila saa."

Alisema kweli na jibu lake limebadilisha mikanda yote, ya wanaume pia. Bizimu sasa ziko mbele, chini ya mtulinga, na mkia wa utepe unavutwa kwa mkono mmoja. Kwa upande wa urefu, tumeona wanawake wengine wanapendelea darubini ikae juu ya matiti, na wengine chini yake, na zote mbili zinawezekana mradi tepe ya bega iwe na shibiri nzima ya ziada ya kurekebisha. Tepe za kwapani kwao zinashuka kwa mteremko zaidi kabla ya kwenda nyuma, kwa hiyo fundi anazishona kwa pembe kwenye wavu badala ya kuziweka mlalo.

Anayevaa mtandio au hijabu avae mkanda kwanza, nguo ishuke juu yake kwa nyuma, tepe za mbele zibaki nje. Tumejaribu, inafanya kazi bila kunasa.

Machi, mwishoni. Kisumu

Mvua imeanza. Tulialikwa Dunga kutazama ndege wa mafunjo, hasa yule gonoleki mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye makao yake ni mafunjo tu. Kwenye mashua nimeweka sharti moja na si la kujadiliwa: jaketi ya kuokolea ndiyo ya kwanza, kisha mkanda juu yake, klipu zikifikika kwa mkono wowote. Kila mtu alionyesha kwanza nchi kavu kwamba anaweza kuachia klipu zote mbili akiwa amefumba macho. Asiyeweza alivaa kamba ya kawaida ya shingoni kwa safari ile fupi. Kitu kilichofungwa kifuani kwa ncha nne ni kizuri hadi uanguke majini.

Aprili. Rangi

Suala la rangi lilionekana dogo hadi mwenzetu mmoja alipoleta utepe wa madoadoa ya kijeshi alioupata kwenye mitumba. Mikanda ya wawindaji wa Marekani mingi ina madoadoa hayo na wao hawana shida nayo. Hapa Kenya raia haruhusiwi kuvaa kinachofanana na sare za jeshi, na mtu mwenye darubini kifuani, mkanda wa msalaba na madoadoa, akikutana na askari barabarani atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Utepe ule umerudi sokoni.

Buluu iliyokolea na nyeusi nazo tumeziondoa, kwa sababu nyingine kabisa. Tunapanga kwenda Ruma, bonde la Lambwe, kumtafuta yule swala aitwaye korongo ambaye nchini kwetu amebaki huko. Bonde hilo linajulikana kwa mbung'o, na mbung'o huvutwa na buluu na weusi; mitego yake yenyewe hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kuvaa tepe nne za buluu mwilini ni kuwaita. Mikanda yetu ni ya kahawia na ya rangi ya udongo. Bahati nzuri mabegi ya shule ya kahawia ni mengi.

Aprili, katikati. Kakamega

Kama mkanda ungeshindwa popote, ungeshindwa msituni Kakamega. Huko kazi ni kutazama juu, kwenye vilele vya miti, ambako shorobo mkubwa wa buluu anakimbia juu ya matawi na hondohondo wanapiga kelele bila kuonekana. Kamba ya shingoni msituni ni mateso maradufu, kwani shingo imekunjwa nyuma na uzito unaivuta mbele. Na mvua ya alasiri ni ya uhakika wakati huu.

Kuhusu shingo: mabega yalibeba, na mmoja wa wazee wale wawili niliowataja Januari alikuwa nasi kuanzia asubuhi hadi tulipotoka msituni. Aliwatambua ndege wa juu ambao vijana walikuwa bado wanauliza wako tawi gani. Bado shingo inachoka kwa kutazama juu, hilo mkanda hauliponyi. Tulikuwa tunalala chali kwenye njia kila nafasi ilipopatikana, na mkanda wa msalaba usio na ribiti unaruhusu kulala chali. Huo ni ushindi wa wavu wa kiatu.

Kuhusu mvua: nailoni ikilowa inarefuka kidogo, na darubini ilishuka kwa upana wa vidole viwili. Bizimu za mbele zilitatua. Lastiki ililowa na kukauka bila shida, ingawa najua adui wake wa kweli ni jua na chumvi ya jasho. Maagizo niliyowapa wote ni haya: kila baada ya safari, mkanda uoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, dawa ya kung'arisha isiguswe, uanikwe kivulini. Lastiki ikianza kuonyesha nyuzi nyeupe ndogo zilizokatika, fundi anaibadilisha. Kwa sababu imeshonwa kipande kifupi kwenye wavu, hafumui mkanda mzima.

Begi la mgongoni linavaliwa juu ya mkanda, kila mara. Likivaliwa chini, huwezi kulivua bila kuvua darubini kwanza, na kwenye mvua hayo mawili yana haraka.

Mei. Hali ya mradi ilivyo sasa

Mikanda ya msalaba ya wahesabu wote imekamilika na kila mmoja ana wake, umeandikwa herufi zake kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa wavu. Fundi anatoza shilingi 350 kwa mmoja, vifaa vikiwa vyake, na amesema bei hiyo haitapanda kwa watu wa sensa. Pochi ya turubai tumeibakiza moja, kwa ajili ya safari za gari kwenye vumbi, ambako darubini inakaa muda mrefu bila kutumika.

Kilichobaki ni watoto. Klabu ya wanyamapori ya shule yetu imepata darubini ndogo za 8x25, nyepesi kuliko nusu ya zetu, na walimu wenzangu wanasema kamba ya shingoni itawatosha. Sikubaliani nao. Mtoto anakimbia, anapanda, anainama kuokota, na darubini ya shingoni inampiga meno. Mgongo wake ni mfupi, kwa hiyo wavu wa kawaida unamkalia hadi kiunoni. Fundi ameomba aletewe mtoto wa darasa la nne na wa darasa la saba Jumamosi, awapime kwa uzi wake, kisha akate vipande vya ukubwa wa aina mbili. Nitakwenda nao, na darubini mbili, na jerikeni ya lita 2.